Kuingiza data ya kaunti kwenye ramani huria: mwongozo kamili kwa wanajamii wa Lamu

Ofisi za kaunti zina majedwali mengi: orodha ya shule, ya zahanati, ya visima, ya magati, ya taa za barabarani. Aghalabu orodha hukaa kwenye kompyuta ya afisa mmoja, na akihamishwa huyo, nayo huhama au hupotea. Upande wa pili ipo OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kuihariri, na yeyote anaweza kuitumia bure, hata kwenye simu isiyo na bando, kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd. Mtu akiviona viwili hivi pamoja, wazo huja lenyewe: tuichukue orodha ya kaunti, tuimwage kwenye ramani, tumalize kwa wikendi moja.

Wamarekani walifanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2007 na 2008 barabara za nchi nzima ziliingizwa kutoka data ya ofisi yao ya sensa, iitwayo TIGER. Ramani ilijaa haraka, ila ilijaa pia barabara zilizopinda vibaya, njia zisizokuwepo na makutano yasiyokutana, na hadi leo wachoraji wa huko bado wanasahihisha. Nchi hiyo ina wachoraji maelfu. Sisi Amu, Pate na Kiunga tuna wangapi?

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo mmoja: orodha ya serikali ni dai la kuthibitishwa, na kiasi cha kuingiza ni kile tu ambacho kuna watu wa kukithibitisha leo na kukitunza mwaka ujao. Orodha ya vituo 40 vilivyotembelewa inafaa kuliko ya 900 iliyotoka ofisini moja kwa moja.

Chagueni jambo moja, na mkatae mengine

Msianze na "data ya kaunti". Anzeni na aina moja ya kitu, katika wadi moja kati ya 10 za Lamu. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa vyanzo vya maji: visima, jabia, vioski na mabomba ya umma. Nimechagua maji kwa sababu kila mtu ana haja nayo, na kwa sababu huku habari ya maji haikai mahali pamoja. Mji wa Amu unategemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, visiwa vingine vinavuna mvua kwa jabia, na kisima kilichokuwa baridi mwaka juzi huenda kimeingia chumvi. Mkipenda shule au zahanati, hatua ni zile zile.

Vipo vitu vya kukataa tangu mwanzo, hata afisa akikupeni kwa moyo mkunjufu. Mipaka ya viwanja ni kimoja. Ardhi Lamu ni jambo lenye majeraha, mistari ya viwanja haionekani chini, na OpenStreetMap yenyewe kwa kawaida haipokei ramani za umiliki. Kambi na vizuizi vya usalama upande wa msitu wa Boni ni kitu kingine. Hakuna faida ya mwanakijiji inayopatikana kwa kuvichora, na hatari ipo. Cha tatu ni visima vya ndani ya nyumba. Mji wa kale una nyumba nyingi zenye kisima chake uani; hivyo ni mali ya wenyewe, hata kama daftari la afya ya umma limevihesabu.

Kusanyeni watu kabla ya faili

Timu ndogo inatosha: mmoja anayejua kompyuta, mmoja ndani ya ofisi ya kaunti anayeielewa orodha ilivyotengenezwa, na mtu mmoja wa kila kijiji kitakachoguswa. Huyu wa mwisho ndiye mgumu kubadilishwa. Wa kompyuta anaweza kuwa Nairobi au Mombasa, lakini anayejua kwamba kisima fulani cha Siyu huitwa kwa jina la mtu aliyekichimba, si kwa nambari ya mradi, yuko Siyu.

Mifano ya karibu ipo. Kibera ilichorwa kuanzia mwaka 2009 na vijana wa Kibera wenyewe. Dar es Salaam, kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 kwa sababu ya mafuriko iliwaweka pamoja wanafunzi wa vyuo na wenyeji wa mitaa. Kote wenyeji ndio waliotaja majina.

Wajulisheni mapema pia wachoraji wengine wa Kenya. Huenda kuna aliyekwisha kuchora nusu ya mnachotaka, au aliyejaribu kuingiza orodha kama hiyo na kukwama. Na jamani, hili halihitaji warsha ya hotelini yenye bango na mikoba. Baraza chini ya mti, chai, na ramani iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa vinatosha kwa kikao cha kwanza.

Ruhusa ni maswali mawili

Hapa miradi mingi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza: je, tuna haki ya kuiona data? Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza jinsi ya kuomba. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili; sheria yenyewe inataja lugha zote mbili, basi msione haya kuandika kwa Kiswahili safi. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza au ikikataa bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman. Lakini jaribuni mlango wa kawaida kwanza. Nendeni Mokowe, ziliko ofisi za kaunti, msalimieni afisa, mweleze mnachotaka. Barua ya kisheria inayotangulia salamu hufunga milango iliyokuwa wazi.

Swali la pili: je, tuna ruhusa ya kuichapisha upya? Haki ya kuona si haki ya kusambaza. Kazi za serikali nchini Kenya zina hakimiliki, na kuikuta orodha kwenye tovuti hakuiondoi hakimiliki hiyo. OpenStreetMap inatumia leseni ya ODbL tangu mwaka 2012, nayo inamruhusu yeyote kutumia data, hata kibiashara, mradi ataje chanzo na kuacha wazi anachoongeza. Hivyo data yenye sharti la "si kwa biashara" haiingii. Data iliyoachwa kabisa kwa umma inaingia. Iliyo na leseni ya CC BY inahitaji bado barua ya mwenye data, kwa kuwa masharti yake ya kutaja chanzo hayalingani sawasawa na ODbL. Na chochote kilichonakiliwa kutoka Google Maps kisiingie hata kama kimo ndani ya faili la kaunti. Muulizeni afisa waziwazi, "Alama hizi mlizipata vipi: kwa GPS mkononi, au kwa kubonyeza kwenye ramani ya kompyuta?" Jibu lake linaweza kuwaondolea nusu ya orodha.

Barua ya ruhusa iwe fupi na isainiwe na mwenye mamlaka, yaani afisa mkuu wa idara au katibu wa kaunti, si rafiki yetu wa ofisini. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Idara ya Maji ya Kaunti ya ……… ndiyo mmiliki wa orodha ya vyanzo vya maji iliyoambatishwa, toleo la tarehe ………. Tunaridhia orodha hiyo iingizwe katika OpenStreetMap, ibadilishwe, isambazwe na itumiwe na mtu yeyote, ikiwemo kwa biashara, chini ya leseni ya ODbL. Tunakubali kwamba kutajwa kwetu kwenye ukurasa wa wachangiaji wa mradi kunatosha kuwa utambulisho wa chanzo."

Tarehe ya toleo msiiache. Mwakani mtaihitaji.

Safisheni faili

Kabla ya chochote, hifadhini nakala ya faili kama lilivyokuja na msiiguse tena. Fanyeni kazi kwenye nakala ya pili.

Ondoeni mara moja kila safu inayohusu mtu: jina la mwenyekiti wa kamati ya kisima, nambari yake ya simu, jina la mwenye shamba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda, na ramani haiwahitaji.

Kisha alama za mahali. Lamu iko karibu na latitudo -2.27 na longitudo 40.9. Mkiondoa ile alama ya kutoa, kisima kinarukia kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia. Mkibadilishana latitudo na longitudo, kinaangukia Hispania, upande wa mashariki wa Madrid. Makosa yote mawili bahati yake ni kwamba yanaonekana. Yasiyoonekana ni ya desimali. Nambari yenye tarakimu mbili baada ya nukta inakosea kwa kilomita moja hivi, na yenye tarakimu nne kwa mita 11. Bara, mita 11 si kitu. Ndani ya mji wa kale, Mkomani au Langoni, ni kuta mbili na uchochoro mwingine kabisa.

Kosa jingine linalowapata wengi Kenya ni la mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao nambari za mahali hupimwa kutoka kwake. Ramani nyingi za serikali zilipimwa kwa Arc 1960, ilhali OpenStreetMap na simu zetu zinatumia WGS84. Tofauti yake huku ni kama mita 300, nyingi yake ikiwa ya kaskazini na kusini. Mkiona nambari kubwa, mfano 711,000 na 9,749,000 badala ya digrii, hizo ni mita za UTM (mfumo unaotaja mahali kwa mita) kanda ya 37 kusini, na lazima muulize ni za Arc 1960 au za WGS84. Ndani ya QGIS, programu huria ya ramani kwenye kompyuta, mifumo hiyo ina nambari 21037 na 32737. Afisa asipojua, jaribuni wenyewe. Tafuteni ndani ya orodha kitu kisichohama na kinachoonekana kwenye picha za setilaiti, kama kona ya Ngome au ncha ya gati la Mokowe. Kikikaa mahali pake, mfumo ni sahihi. Kama vyote vimesogea upande mmoja kwa umbali mmoja, mmechagua mfumo usio wake. Msivisogeze kwa mkono, badilisheni mfumo.

Mwisho, tazameni marudio. Kisima kilichochimbwa na mradi mmoja na kukarabatiwa na mwingine mara nyingi huorodheshwa mara mbili, kwa majina mawili.

Kutoka safu kwenda lebo

OpenStreetMap haina safu, ina lebo: neno, alama ya sawasawa, na thamani yake. Kila safu ya jedwali lazima ipate lebo yake au iachwe. Kisima ni man_made=water_well. Bomba la umma ni man_made=water_tap. Ya kunywa au la huandikwa drinking_water=yes au no, na pampu ya mkono ni pump=manual. Kisima kilichokufa hakifutwi wala hakiingizwi kana kwamba ni kizima: huandikwa disused:man_made=water_well, ili anayekuja baadaye asikiongeze tena. Jabia lina utata kidogo, na kwa maoni yangu man_made=reservoir_covered ndiyo inayolikaribia. Mkiamua nyingine ni sawa, ila muamue mara moja, muandike, na jabia la Ndau lisiwe na lebo tofauti na la Kiwayu.

Safu za "mfadhili", "mwaka wa bajeti" na "kiasi kilichotumika" zibaki kwenye jedwali. Ni habari muhimu za kudai uwajibikaji, lakini si habari za ramani.

Majina yana kazi yake. Orodha za ofisi huandika Shella, na watu wengi huandika Shela; kuna Tchundwa na Chundwa; mji wa Faza wenyeji wanauita Rasini. Lebo ya name ichukue jina linalotumiwa na watu wa pale, official_name lile la ofisi likitofautiana, na alt_name lolote jingine linalosikika. Kama name tayari ipo kwenye ramani, imewekwa na mtu aliyefika pale, msiibadilishe kwa sababu tu jedwali linasema vingine.

Linganisheni na kilichopo

Pakueni vyanzo vyote vya maji vilivyokwisha kuchorwa katika eneo lenu. Overpass Turbo, tovuti ya kutafuta data ndani ya OpenStreetMap, inafanya hivyo kwa dakika moja. Viwekeni pamoja na orodha ya kaunti ndani ya QGIS, kisha kwa kila kisima cha kaunti mtafute kilicho karibu zaidi kwenye ramani. Mtapata mafungu matatu: vilivyopo tayari, vipya, na vyenye utata. Umbali wa kutenganisha mafungu mtauamua kwa eneo. Upande wa Hindi au Witu, mita 100 ni kitu kimoja. Ndani ya mji wa kale, hata mita 20 zinaweza kuwa visima viwili.

Kilichopo tayari hakiongezwi mara ya pili. Kinaongezewa lebo zinazokosekana tu. Fungu la utata lisitatuliwe na kompyuta, kwani ndilo linalopangiwa safari.

Tembeeni

Gawanyeni orodha kwa vijiji, muichapishe au muitie kwenye simu, mtu wa kijiji aende. Programu ya Every Door ni nyepesi kwa kazi hii, na inafanya kazi bila mtandao. Hata hivyo daftari na kalamu havijawahi kuishiwa chaji.

Ratiba ifuate bahari. Siyu chombo hakikaribii vizuri maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo ulizeni nahodha kabla ya kutangaza siku. Kiwayu na Kiunga wakati wa kusi kuchachamaa ni safari ya kuahirishwa, si ya kulazimisha. Ramadhani na siku za Maulidi msizipange kabisa.

Ukifika, anza kwa mzee wa kijiji. Shikamoo, jina lako, umetoka kwa nani, na kwamba hakuna anayeandikiwa bili wala kuchukuliwa kisima chake. Ukishapata ruhusa, waulize wanaoteka: akina mama, watoto, na wenye punda wa kubeba maji. Maswali ni machache. Kisima kipo? Maji yake yananywewa au ya kufulia tu? Kinakauka mwezi gani? Kinaitwaje? Mwenye punda atakujibu mambo ambayo hayamo kwenye safu yoyote.

Kwenye vichochoro msiamini nukta ya simu. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe hupotosha GPS. Simameni pale, mtazame picha ya setilaiti na mapaa, muweke nukta kwa macho.

Andikeni mpango, mtangaze, msubiri

Miongozo ya OpenStreetMap inadai kila uingizaji wa wingi uandikwe na kujadiliwa kabla ya kupakiwa. Fungueni ukurasa kwenye wiki ya OpenStreetMap, yaani tovuti yake ya maelezo inayoandikwa na wachangiaji: data ni gani, ya tarehe gani, barua ya ruhusa iko wapi, safu ipi imekuwa lebo ipi, mmelinganishaje, nani anapakia, na mtarudishaje mambo nyuma yakiharibika. Ujulisheni umma wa wachoraji wa Kenya na wale wanaosimamia uingizaji duniani, kisha mngoje. Wiki mbili ni adabu. Mtapata maswali, mengine makali. Yajibuni kwa utulivu, maana mara nyingi anayeuliza kuhusu mfumo wa marejeo amewahi kuona visima vya watu baharini.

Pakieni kidogo kidogo

Fungueni akaunti ya peke yake kwa kazi hii, tofauti na akaunti zenu za kila siku, na jina lake lionyeshe ni ya uingizaji. Tumieni JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri OpenStreetMap, na muendeshe ukaguzi wake wa makosa kabla ya kutuma. Mfumo unakubali hadi mabadiliko 10,000 kwenye fungu moja, yaani mabadiliko yanayotumwa pamoja. Nyinyi msiukaribie mpaka huo. Fungu moja kwa kijiji kimoja linatosha, ili la Matondoni likiharibika lirudishwe bila kugusa la Kipungani. Kila fungu liwe na maelezo yanayosomeka, chanzo, tarehe ya toleo na kiungo cha ukurasa wa mpango.

Anzeni na kijiji kimoja, kisha msimame siku chache. Mtu wa kijiji hicho afungue ramani kwenye simu yake na aseme kama anakitambua kisima chake. Akisema "hiki siyo", simamisheni yote mpaka ijulikane ni kimoja au ni vyote.

Toleo la mwakani

Kaunti itatoa orodha mpya. Msiilinganishe na ramani kwanza. Ilinganisheni na ile nakala ya zamani mliyoihifadhi bila kuigusa. Kilichobadilika kati ya matoleo mawili ndicho pekee cha kufuatilia, na kwa kawaida ni mistari michache. Kisichobadilika kwenye orodha lakini kimebadilika kwenye ramani kimerekebishwa na mtu aliyefika pale, kiacheni.

Nanyi pelekeni yenu ofisini: visima vilivyokauka, vilivyoandikwa mara mbili, vilivyokosewa mahali, vyote kwenye jedwali la safu zile zile alizozizoea afisa, pamoja na tarehe ya kila ziara. Atalitumia kwenye ripoti yake, na mkirudi kuomba toleo linalofuata hamtahitaji tena kutaja siku 21.